Tovuti Ambayo Mstaafu Ataimudu

Hapa Tanga, ukikaa kwenye baraza lolote la kahawa la Ngamiani baada ya sala ya alasiri, utawaona wazee ambao watoto wao huwaambia kila siku kwamba hawajui teknolojia, nao wanatumiana fedha, wananunua umeme wa LUKU na kuangalia salio bila kumwita mtu. Wanabonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota, wanasoma orodha fupi, wanachagua namba, wanahakikisha jina la mpokeaji, wanaweka namba ya siri, basi. Mzee huyohuyo ukimfungulia tovuti ya kuombea huduma fulani, atakurudishia simu na kusema, "Hebu nitazamie, mwanangu, macho yangu hayaoni." Macho yana shida kweli, lakini ni yaleyale yaliyosoma jina la mpokeaji muda mfupi uliopita.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kwa muda sasa nimekuwa nikishughulikia tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha wastaafu wa mjini hapa, watu waliofanya kazi reli, bandarini, kwenye mashamba ya mkonge na katika shule za msingi. Kadiri ninavyokaa nao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wazee wetu tayari wanacho kipimo cha huduma nzuri ya kwenye simu, nacho ni ile menyu ya namba ya kutumia fedha, na kwamba tovuti nyingi tunazowapelekea hazijakifikia kipimo hicho, ingawa zimetengenezwa kwa zana za kisasa zaidi na kwa gharama kubwa zaidi.

Tuitazame menyu yenyewe. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na huduma za mitandao mingine zikafuata, zote zikitegemea mfumo uitwao USSD, ambao ujumbe wake mmoja hauwezi kuzidi herufi 182. Aliyeuandika ujumbe huo hana nafasi ya kupamba wala ya kujisifu: anauliza jambo moja, anatoa machaguo machache yenye namba, kisha anasubiri jibu. Kabla fedha hazijatoka, mtumaji anaonyeshwa jina la anayetumiwa pamoja na kiasi, ili akubali au asitishe. Zikishatoka, unaingia ujumbe mfupi ambao mzee anautunza kama stakabadhi na anaweza kumwonyesha mtu mwingine pakitokea ubishi. Hahitaji bando, na kitochi cha vitufe kinatosha kabisa. Kasoro kubwa ya mfumo huu ni haraka yake, kwa maana ukichelewa kidogo kwa sababu unatafuta miwani, unakatwa na kulazimika kuanza upya, na nitaeleza baadaye jinsi tovuti zetu zilivyoichukua kasoro hiyo na kuziacha sifa nyingine zote.

Tovuti inapomshinda mzee, yeye haachi kutafuta huduma, anakwenda steshenari. Kila mtaa wenye pilikapilika una steshenari yenye kompyuta, mashine ya kutoa nakala na kijana mwepesi wa kuchapa, ambaye kwa malipo kidogo humjazia mtu fomu yoyote ya mtandaoni. Siwalaumu vijana hawa, kwa kuwa bila wao watu wengi wangekwama. Hata hivyo, tuangalie kinachobaki pale kaunta mzee akishaondoka: namba ya kitambulisho chake, akaunti yake ya benki, namba ya simu, na mara nyingi nywila iliyobuniwa na kijana mwenyewe na kuandikwa kwenye daftari la dukani, pamoja na barua pepe ambayo mzee hajawahi kuifungua na hataifungua. Miezi ikipita akataka kuingia tena, daftari limepotea na kijana amehamia Dar es Salaam. Msanifu aliyeitengeneza ile fomu hayaoni mambo hayo, na kwenye takwimu zake fomu inaonekana imejazwa vizuri tu.

Nianze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayotajwa kwanza. Kuanzia umri wa miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na kusoma kwa karibu huwa kazi. Miaka ikisonga, mboni hupungua upana wake na lenzi hugeuka umanjano, hivyo mwanga unaoingia ndani huwa mchache na rangi za jamii ya buluu hufifia. Mtoto wa jicho naye akianza, kila kitu huwa kama kimefunikwa ukungu. Kwa mtu mwenye macho ya namna hiyo, ule mtindo wa maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, ambao wasanifu wengi wanaupenda kwa sababu unaonekana nadhifu, ni sawa na kutoandika kabisa. Miongozo ya WCAG, yaani ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya tovuti lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mbunifu wa mfumo wa tovuti, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa isipungue 3 kwa 1. Weusi juu ya weupe unafika 21 kwa 1, na mimi sioni aibu kuutumia. Tukumbuke pia kwamba kipimo hiki huhesabiwa kompyutani, ilhali mzee wa Tanga anasoma akiwa barazani, jua limepiga kwenye kioo, na mwangaza wa simu ameupunguza ili chaji ifike jioni.

Ukubwa wa herufi una hadithi yake. Vivinjari vingi huanzia pikseli 16, yaani vile vinukta vinavyotumika kupimia vitu kwenye kioo, nami kwa kazi hii ninaanzia 18 au 20, lakini jambo lililo muhimu zaidi ni kumwachia mtumiaji uhuru wa kuzikuza mwenyewe. Wazee wengi hutumia simu za kurithi: mtoto akinunua mpya, ile ya zamani yenye ufa kwenye kona anapewa baba, na mjukuu anamkuzia maandishi hadi mwisho. Sasa fungua tovuti iliyosanifiwa kwenye kompyuta kubwa ofisini, uitazame kwenye simu hiyo. Maneno yamepandana, nusu ya kitufe imetoka nje ya kioo, na sehemu ya kuandika jina imebanwa ikabaki herufi nne. Miongozo inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala utendaji, na hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya leo kwa simu iliyo mkononi mwake.

Vidole navyo vina yake. Ngozi ya mzee ni kavu, na kwa aliyefanya kazi za mikono ina sugu, wakati kioo cha kupapasa kinategemea ngozi ipitishe umeme kidogo ndipo kihisi kwamba kimeguswa. Nilimwangalia mstaafu mmoja wa reli akijaribu ukurasa wa kuomba mkopo. Alivaa miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo, akaipeleka simu mbali kadiri mkono ulivyofika, akasimamisha kidole cha shahada na kukikandamiza juu ya kiungo kama anavyokandamiza vitufe vya kitochi. Simu za kisasa hutafsiri mkandamizo mrefu kuwa ni jambo jingine kabisa: maneno yakapakwa rangi, ukatokea utepe wa kunakili, naye akaniuliza, "Hii nini tena? Nimeharibu?" Hakuwa ameharibu kitu. Vipo vitufe vinavyoweza kuandaliwa ili mkandamizo mrefu usizue chochote, na kazi hiyo haichukui hata nusu saa, ila lazima kwanza mtu awe amekaa akaona mzee anavyobonyeza. Kuhusu ukubwa, toleo la 2.2 la miongozo, lililotoka Oktoba 2023, linataka eneo la kubonyeza lisipungue pikseli 24 kwa 24; Apple wanapendekeza 44 na Google 48 kwa vipimo vyao. Mimi ninachukua 48 kuwa mwanzo, na ninaacha nafasi ya kutosha kati ya kitufe cha kukubali na cha kufuta, jambo ambalo menyu ya namba haikuhitaji kwa kuwa namba huandikwa kwanza na kuonekana kabla ya kutumwa.

Mahali tovuti zetu zinapowaumiza wazee kuliko kwingine kote, kwa maoni yangu, ni kwenye fomu. Mstaafu wa reli niliyemtaja aliandika namba yake ya simu kama anavyoitamka, kwa mafungu matatu yenye nafasi katikati. Fomu ya majaribio, iliyotoka kwenye kiolezo cha kununua, ikaikataa, na ujumbe wa kuikataa ukaandikwa juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo alikuwa ameshapapita. Alibonyeza kutuma, kimya; akabonyeza tena, kimya. "Mtandao umegoma," akasema kwa utulivu, akaiweka simu mezani na kuagiza kahawa. Kompyuta inaweza kuondoa nafasi hizo yenyewe kwa mstari mmoja wa programu, na inaweza kuipokea namba iwe imeanza kwa 0, kwa 255 au kwa alama ya kujumlisha. Kumlazimisha mtu wa miaka 74 aandike kama mashine itakavyo, ilhali mashine ndiyo iliyowekwa imtumikie, ni uvivu wetu sisi mafundi.

Majina ni hivyohivyo. Fomu nyingi hukataa alama ya ritifaa, kana kwamba Tanzania hii hakuna majina yenye ng' ndani yake. Nyingine hudai jina la ukoo kwa mwanamke ambaye maisha yake yote amejulikana kwa jina lake na la baba yake, kisha humwambia kwa wino mwekundu kwamba amekosea. Hapa niseme jambo la adabu. Ujumbe wa "Umekosea! Jaribu tena!" hakuna kijana wa Tanga mwenye malezi ambaye angethubutu kumwambia mzee ana kwa ana, lakini tunauandika kwenye kioo bila kufikiri. Kwenye tovuti ya chama tumeandika, "Tafadhali andika tarakimu kumi za namba yako ya simu," na ujumbe huo unatokea chini ya kisanduku husika, si kwingineko, na yale aliyokwisha kuyajaza hayafutiki.

Tarehe ya kuzaliwa ni mateso yanayostahili aya yake. Kalenda inayofunguka ikionyesha mwezi huu ni nzuri kwa kukata tiketi ya basi la kesho. Mzee aliyezaliwa mwaka 1951 atakibonyeza kishale cha kurudi nyuma zaidi ya mara 800 kabla hajaufikia mwezi wake. Visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka, vinavyofungua kibodi ya namba, vinamaliza kazi kwa sekunde chache. Tena, namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo fomu iliyokwisha kuomba namba ya NIDA haina sababu ya kuuliza tarehe kwa mara ya pili. Toleo la 2.2 la miongozo limeliweka hili kuwa sharti: taarifa ambayo mtu amekwisha kuitoa katika shughuli hiyohiyo asiombwe kuiandika upya. Kwa wazee wetu lina uzito wa ziada, maana wapo ambao tarehe iliyo kwenye kitambulisho ilikadiriwa wakati wa usajili, na ukimuuliza mtu amezaliwa lini atakujibu anavyojua yeye, halafu mfumo utamkatalia kwa kuwa majibu mawili hayalingani.

Saa nayo imeshawapotezea watu miadi. Mama mkubwa wangu alipokea kutoka kituo kimoja cha afya ujumbe wa miadi ya 08:00, akausoma kama alivyosoma saa maisha yake yote, akaswali adhuhuri, akavaa buibui lake na kufika saa nane mchana, akaambiwa daktari keshaondoka. Ujumbe ule ungeandikwa "saa mbili asubuhi" kusingekuwa na tatizo lolote. Kwenye ukurasa wa chama, kila muda umeandikwa kwa maneno na kwa kipindi cha siku, na saa ya kompyuta tumeiacha ibaki ndani ya kompyuta.

Sasa ile kasoro ya haraka. Tovuti nyingi, zikitaka kujiridhisha kwamba wewe ni wewe, hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi na kutoa sekunde 60. Mzee mwenye simu moja anatakiwa atoke kwenye ukurasa, atafute ujumbe kati ya matangazo ya mitandao, azishike kichwani tarakimu sita, arudi, na akirudi anakuta simu yake ya kurithi, kwa uhaba wa kumbukumbu, imeufungua ukurasa upya ukiwa mtupu. Miongozo inataka mtu aweze kuongezewa muda kabla haujaisha, na toleo la 2.2 linataka uthibitisho usitegemee kumbukumbu ya kichwa pekee pasipo njia mbadala. Ipo alama ndogo ya kuweka kwenye kisanduku ili simu izisome namba hizo kutoka kwenye ujumbe na kuzipendekeza zenyewe juu ya kibodi. Tumeiweka, na tumeongeza muda hadi dakika kumi. Usalama haukupungua kwa namna yoyote ninayoweza kuiona, kwa kuwa tishio kubwa kwa wazee hawa ni tapeli anayepiga simu na kujifanya mhudumu, kisha kuomba asomewe namba, wala si sekunde za ziada. Ndiyo maana juu ya kisanduku hicho yapo maneno ya herufi nene: "Usimsomee mtu yeyote namba hizi, hata akisema anatoka ofisini kwetu."

Mengine niyapitie haraka. Picha zinazopita zenyewe juu ya ukurasa wa kwanza tumeziondoa zote. Miongozo inataka chochote kinachojisogeza kwa zaidi ya sekunde tano kiwe na njia ya kusimamishwa, lakini sikuona sababu ya kuziweka hata zikiwa na kitufe hicho. Ukurasa umepunguzwa uzito ili usimle mtu bando lake la siku. Lugha ya ukurasa imetambulishwa ndani ya programu kuwa ni Kiswahili, jambo ambalo violezo vingi vya kununua huliacha likisema ni Kiingereza, matokeo yake programu za kusomea wasioona hutamka maneno yetu kwa lafudhi isiyoeleweka na kivinjari kinaweza kupendekeza tafsiri ambayo hakuna aliyeiomba. Inafaa nitaje pia kwamba kati ya mwaka 2007 na 2010 W3C waliendesha mradi ulioitwa WAI-AGE, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, wakaona kuwa mahitaji mengi ya wazee mtandaoni tayari yamo ndani ya miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kazi ya kufikiri, kwa sehemu kubwa, ilikwisha kufanywa. Yaliyobaki kwetu ni kama haya ya saa, majina na steshenari, ambayo hakuna mtu wa Ulaya atakayetufikiria.

Jambo pekee lililozua mabishano kwenye kamati ya chama ni namba ya simu ya ofisi. Niliiweka juu ya kila ukurasa, mahali palepale, kwa herufi kubwa, na ukiigusa inapiga. Wajumbe wa umri mdogo walihoji kwamba tovuti ilinunuliwa ili kupunguza simu, na kwa hiyo namba ifichwe kwenye ukurasa wa mawasiliano. Nilikataa, na mweka hazina, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, akaniunga mkono. Simu hazikukoma, ila zimebadilika: zamani mtu alipiga kuuliza mkopo unaombwaje, na sasa anapiga akiwa ameshaufungua ukurasa, amekwama mahali pamoja anapopajua. Karani naye anaufungua ukurasa uleule mbele yake na kumwongoza: "Shuka chini kidogo, Mzee wangu, utaona kitufe kimeandikwa Omba Mkopo." Kwa sababu hiyo kila kitufe cha tovuti ile kina maneno, na hakuna hata kimoja chenye alama tupu, kwa kuwa ile mistari mitatu inayoficha menyu kwenye tovuti nyingi haina jina ambalo karani na mzee wataelewana kwa simu.